Togwa Haingoji Matanga

Juma lililopita niliwaacha mlangoni kwangu, mume wangu Isihaka amekaa kizingitini na mguu ameunyoosha juani, na Mjomba Mikidadi amesimama mbele yake akiangalia magugu.

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti lile kabla hajalisoma, nitarudia kwa kifupi. Isihaka alikwenda Nachingwea kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Gogo likamwangukia gotini. Goti likapona, ila likakataa kukunjika. Wakamrudisha Malolo juu ya lori la magunia, mimi nikiwa na mtoto wetu Salimu mgongoni. Kuanzia hapo nikawa napika pombe ya mtama na kuiuza gulioni, tukawa tunakula kwa hiyo.

Sasa mjue desturi yetu. Kwetu sisi mwanamume akioa huhamia kwao mke. Ardhi ni ya upande wa mama, na mjomba ndiye anayeigawa. Mkwe haulizwi ana nini. Jembe lake ndilo linaloangaliwa.

Na Mjomba Mikidadi alikuwa ameliangalia jembe la Isihaka likiota kutu.

"Mwamina, mpwa wangu," aliniambia, "mimi sina chuki na mtu. Ila mkwe asiyelima ni mgeni, na mgeni huaga. Palizi hii isipokwisha kabla mtama haujafika magotini, mumeo atarudi kwao Nandagala."

Isihaka akamjibu kwa upole. "Mjomba, mimi sijakataa kulima. Goti ndilo lililokataa."

"Basi mtakwenda wote wawili, wewe na goti lako."

Hapo ndipo nilipoishia.

Mjomba alipoondoka nilishika jembe nikaingia shambani peke yangu, Salimu mgongoni. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri, na mvua nzuri haichagui, huotesha mtama na magugu pamoja. Nikilima upande huu, upande ule unafunga. Nikigeuka kule, nilikotoka kumeota tena. Zaina, binti wa mama yangu mdogo, alikuwa akipita na mumewe mwenye miguu miwili, wanasimama, wananipa pole ndefu, macho yao yanapima shamba.

Dawa ya shida kama hiyo ilijulikana na kila mtu. Ilikuwa pombe ya kulimia. Unapika, unapeleka habari, majirani wanakuja alfajiri na majembe yao. Wanalima mpaka jua la utosi, kisha wanakaa kivulini wanakunywa. Hakuna malipo. Kesho ukisikia mwenzio kapika, na wewe unakwenda. Shamba la kumtoa mtu roho linamalizwa kwa nyimbo.

Na mimi pombe ndiyo kazi niliyokuwa naijua. Ningepata wapi taabu?

Taabu ilikuja na tarumbeta.

Siku ya gulio la Ruangwa tarishi wa baraza, jina lake Gaudens, alisimama juu ya sanduku akapuliza tarumbeta lake mpaka kuku wakatapakaa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akasoma amri. Serikali imeona ulevi umezidi, hasa tangu watu walipoanza kuachishwa kazi kwenye karanga. Basi kuanzia siku ile kopo moja la pombe lisiuzwe chini ya thumuni. Atakayeuza kwa bei ya chini, atashtakiwa.

Zamani kopo lilikuwa senti kumi, ile yenye tundu katikati. Thumuni ni senti hamsini.

Gulio zima likasema kwa pamoja. Vibarua waliotoka Nachingwea walikuwa wa kwanza kucheka. Mmoja wao alisema karanga zimewashinda Wazungu, sasa wamehamia kwenye mtama. Mzee mmoja akauliza kama mvua nayo itapangiwa bei, maana pombe bila maji haipikiki. Mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo alipiga magoti akamshukuru Mungu, akasema sasa mumewe atarudi nyumbani na mshahara. Jirani yake akamwambia anyanyuke asijichafue, kwani mume wa namna ile hataacha kunywa, ataanza kuuza kuku.

Mjomba Mikidadi alikuwepo, kofia nyeupe, tasbihi mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini kwetu Malolo. Alisema kwa sauti ya adhana, kila mtu amsikie, kwamba thumuni ni ndogo. Angekuwa yeye Serikali, angeweka bei ya ng'ombe kwa kila kopo.

"Pombe haijawahi kupita hapa," akasema, akagusa midomo yake.

Ni kweli, haikuwahi. Naomba mlikumbuke neno hilo.

Mimi niliitii amri. Nikapika, nikaweka kopo mbele, nikasema thumuni. Wateja wangu walisimama, wakaitazama pombe, wakaitazama sura yangu, wakasema Mama Salimu tutaonana. Pombe ikachacha ikawa siki. Fedha ya kuajiri vibarua wa palizi ikafa hapo hapo.

Aliyefaulu ni Letisia. Huyu alikuwa jirani yangu wa gulioni, mwenyeji wa Marambo, mcheshi, ulimi wake haulali. Nilimkuta amezungukwa na wanaume kama kawaida, nikashangaa.

"Unauzaje, Mama Filbert?"

"Pombe mimi siuzi," akanijibu, jicho moja amelifumba. "Nauza karanga. Hebu ona, karanga tano kwa senti kumi. Mtu akila karanga zangu akipata kiu, nimwache afe? Nampa cha kunywa. Hiyo ni huruma, dada, huruma haina bei."

Wanaume wakamwitikia amina.

Huruma ya Letisia ndiyo iliyoniua mimi. Maana habari ilifika kwa Gaudens, na gulio lililofuata sanduku likaletwa tena, tarumbeta likapulizwa tena. Mara hii amri ilikuwa imeota matawi. Kumpa mtu pombe kwa sababu kanunua kitu kingine, ni kuuza. Kumpa kwa sababu kakubebea mzigo, ni kuuza. Na kumpa kwa sababu kakulimia shamba, ni kuuza, tena kwa bei ya chini, maana nani aliyewahi kuona thumuni mkononi mwa mtu aliyetoka kulima?

Hapo hata waliokuwa wakiisifu amri walinuna. Pombe ya gulioni ni ya walevi, lakini pombe ya kulimia ni ya wajane, wagonjwa na wazee. Yule mama wa mihogo alisimama akauliza kama Serikali sasa itakuja kumlimia. Gaudens aliteremka sandukuni akasema yeye ni mdomo tu, kichwa kiko bomani.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Isihaka.

Alichora chora chini kwa fimbo yake. Kisha akasema, "Togwa hawajaitaja."

"Togwa?"

"Togwa ni uji. Mtoto hunywa. Mwalimu wa chuo cha Kurani hunywa. Pika togwa."

Nilicheka kwa uchungu. Nani atakayelima kuanzia alfajiri kwa ajili ya uji mtamu? Lakini yeye mwenyewe alijikokota nyumba hadi nyumba kwa fimbo yake akawaomba. Kabla ya goti hakuwahi kukosekana kwenye shamba la mtu. Walimkumbuka. Wengine walimtania kwamba watalima kama watoto wa jando, kwa vile wanalipwa chakula cha watoto. Lakini walisema watakuja.

Nikaotesha mtama wa kimea kwenye majani ya mgomba, nikauanika, nikautwanga. Mtama uliobaki kibuyuni niliusaga wote, sikubakiza hata wa kuku. Nikapika uji mzito, nikaupooza, nikatia kimea, nikafunika vyungu kwa ungo. Asubuhi yake togwa ilikuwa tamu, nyepesi, ya kumnywesha mtoto. Nikaipeleka habari kwa majirani: kesho, alfajiri.

Alfajiri hiyo hawakuja na majembe. Walikuja na kilio.

Bibi Sofia, mkunga wetu, amefariki. Ndiye aliyenizalisha Salimu, ndiye aliyemkata kitovu Isihaka mwenyewe, maana enzi hizo aliitwa mpaka Nandagala. Ningesema nini? Nilijifunga kitambaa nikaenda kulia, na nililia kweli.

Sasa kwetu jembe haliingii ardhini wakati wa msiba. Ardhi imefunguliwa kwa ajili ya mtu, huwezi kuifungua tena kwa ajili ya magugu. Tunakaa matangani mpaka yaanuliwe, ndipo kila mtu arudi shambani kwake. Anayekiuka, hata mtoto mchanga humlaumu.

Watu tukakaa matanga. Magugu hayakukaa. Togwa nayo haikukaa.

Kila nikitoka matangani kumnyonyesha Salimu, nilifunua ungo nikasikiliza. Mwanzo ilikuwa kimya. Kisha ikaanza kunong'ona. Nikavifukia vyungu kwenye mchanga wenye maji, nikafunika magunia mabichi. Nilipofunua tena ilikuwa inaongea waziwazi, povu limepanda, harufu imeshika nyumba.

"Baba Salimu, imebadilika hii."

Isihaka alinusa, akafunga macho. "Mwaga."

"Nimwage mtama wetu wote? Nitawaita watu kwa kitu gani, kwa maji?"

Akaurudisha ungo juu ya chungu. Tulitazamana. Nje, kule shambani, mtama ulikuwa umebakiza kidogo kufika magotini.

Matanga yalipoanuliwa, kesho yake walikuja wote. Kabla hawajaanza niliwaambia mbele ya vyungu kwamba nilipika togwa, lakini imekaa msiba mzima, imechangamka. Asiyetaka asinywe. Walinitazama kama watu waliopewa habari njema na mtu asiyejua kuwa ni njema. Mzee mmoja aliuliza kwa adabu kama haiwezekani kuiongezea msiba mwingine mdogo.

Walilima, ndugu zangu. Sijaona palizi kama ile. Wanaume mstari huu, wanawake mstari ule, wimbo katikati, udongo unaruka. Isihaka alikaa mwisho wa shamba akichonga mipini iliyolegea na kuwarudishia majembe. Jua lilipofika utosini magugu yalikuwa yamelala chali, na mtama umesimama peke yake kama bibi harusi.

Nikaleta vyungu kivulini. Desturi yetu mpishi huonja kwanza mbele ya watu, ili waone hakuweka kitu. Nikachota kata moja, nikanywa. Ikanishuka kwa moto. Nikajua hii si togwa tena, na kila aliyeniona nikikunja uso alijua.

Basi wakanywa. Na wakiwa katikati ya kunywa, akatokea Mjomba Mikidadi kutoka msikitini, amekuja kukagua magugu ya kumfukuzia mkwe wake.

Alikuta hakuna.

Alizunguka shamba lote, anaangalia chini, mikono nyuma. Alirudi jasho linamtoka. Mtu akampa kata. Mimi nikanyanyuka haraka.

"Mjomba, imekaa hiyo. Ilikutwa na msiba."

"Mmesema mnapika togwa au hamkusema?"

"Tulisema, lakini—"

"Togwa ni togwa," akasema. Akanywa yote, akafuta ndevu, akainyoosha kata ijazwe tena. "Tamu. Ina ukali kidogo wa kimea."

Nani angemnyang'anya muadhini kata mkononi? Alikunywa nyingine. Akanywa na nyingine. Tasbihi ikahamia mfukoni. Akaanza kutusimulia alivyokuwa akilima ujanani, kwamba alikuwa halimi, alikuwa anaitisha ardhi nayo inafunguka. Watu walikuwa wameuma midomo, wengine wamegeukia upande.

Kisha akafanya jambo ambalo liliwakata kicheko wote. Alikwenda kukaa chini karibu na Isihaka. Akaweka mkono wake juu ya lile goti lisilokunjika.

"Mkwe wangu," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka, "mguu huu niliutukana. Umevunjika ukitafuta chakula cha mpwa wangu, mimi nikautukana. Nyote mnasikia? Huyu haendi Nandagala. Niko hai au nimekufa, huyu ni wa hapa. Shamba hili ni la Mwamina na mumewe."

Isihaka aliinamisha kichwa. Wakubwa kwa wadogo walisikia, na Zaina alikuwa miongoni mwao, kwa kuwa naye alikuja kulima ili asisemwe.

Ningependa kuwaambia hadithi inaishia hapo. Lakini nyimbo zilikuwa zimevuka barabara.

Gaudens alisukuma baiskeli yake mpaka kivulini, akaiegemeza, akavua kofia kusalimia wazee. Akauliza hii ni shughuli gani. Wakamwambia togwa. Akaomba aonje. Akaonja, akalamba midomo, akaonja tena.

"Ya kwanza nimeonja kwa ajili ya Serikali," akasema. "Hii ya pili ni yangu mwenyewe. Mama, hii ni togwa?"

"Ilikuwa, Bwana Tarishi."

Hata yeye alitabasamu. Lakini alitoa kamba mfukoni akafunga mdomo wa chungu kimoja kwa jani la mgomba, na nikaona mikono yake haifurahii. Akasema shamba limelimwa, pombe imetolewa, thumuni haijaonekana, na akikaa kimya yeye, atasemwa na mwingine. Akamgeukia mkubwa aliyekuwepo pale.

"Mzee Mikidadi, kazi hii ni ya nani?"

Mjomba alisimama. Sijui ulevi unaweza kumtoka mtu kwa kasi gani, ila wake ulitoka mbele ya macho yangu. Alipapasa mfuko, akatoa tasbihi.

"Ardhi ni yangu," akasema. "Kazi siijui. Mimi nimepita tu."

Kabla sijafungua mdomo, Isihaka alikuwa amejiinua kwa fimbo yake.

"Ni yangu," akasema. "Niliwaita mimi, nyumba kwa nyumba. Waulize wote. Mke wangu alipika kwa sababu nilimwambia apike."

Gaudens alilala kwa jumbe. Asubuhi tukaondoka kwenda Ruangwa, barazani kwa Liwali anayehukumu. Serikali ilikuwa na baiskeli moja na mizigo miwili, mshtakiwa asiyeweza kutembea na chungu cha ushahidi. Mshtakiwa akapandishwa nyuma ya baiskeli, mguu umechomoza pembeni kama boriti. Chungu kikaja kichwani kwangu, mtoto mgongoni.

Nitasema la kweli, kila jiwe barabarani lilinishawishi. Kujikwaa ni kitu kidogo. Chungu kikivunjika hakuna kesi. Lakini Gaudens, akisukuma baiskeli mbele yangu, alikuwa amesema mara moja tu bila kugeuka, "Mama, chungu kikivunjika atashtakiwa na la kuharibu ushahidi, na hilo ni kubwa kuliko hili." Nikashika chungu kwa mikono yote.

Tulipofika kijito nikasikia viatu nyuma yangu. Mjomba Mikidadi. Uso umevimba, sauti ya adhana imekauka.

"Mwamina, subiri. Waache watangulie." Akaosha uso, akanisogelea. "Mimi ni muadhini. Nikisema mbele ya Liwali kwamba nilikunywa na ilikuwa togwa, nani atabisha? Mumeo atatoka leo leo."

Nilihisi chungu kimekuwa chepesi. "Mungu akuweke, Mjomba."

"Ila mumeo akitoka, aende kwao Nandagala. Niliyoyasema jana shambani usiyahesabu. Hayakuwa yangu. Ilikuwa ile pombe."

Nikamtazama. Maji yalikuwa yanapita kwenye miguu yetu.

"Na nikikataa, Mjomba?"

"Basi nitasema sikuonja kitu. Nitasema nilipita tu. Chagua, akafungwe Lindi au akae salama kwa mama yake. Mimi nakutakia mema."

Akatangulia. Alivuka kijito amepandisha kanzu kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kuchafuka.

Nyinyi mngechagua nini? Nilitembea sijui nakanyaga wapi. Nikisema ndiyo, nimemwokoa mume wangu kwa kumpoteza. Nikisema hapana, nimempoteza kwa kumpoteza. Salimu mgongoni alikuwa anacheza na pindo la kitambaa changu, anaimba.

Barazani palijaa, maana ilikuwa kesi ya kwanza ya palizi. Wauza pombe walikaa upande mmoja, Letisia mbele yao. Wazee wa msikiti upande mwingine. Walevi walisimama dirishani, na yule mama wa mihogo alikuwa amewaacha wauza pombe na wazee wote, amekaa peke yake katikati. Wanawake wawili walikuwa wanabishana kwa kunong'ona, mmoja akisema bei imemrudishia mume, mwenzake akisema mume huyo huyo sasa anakunywa gongo porini, heri ile ya mtama.

Liwali alikuwa mtu mnene, mtaratibu, anajipepea kwa kofia yake. Alimwamuru Isihaka aketi. Akauliza kama ni kweli aliita watu, Isihaka akasema ni kweli. Akauliza kama aliwapa pombe. Isihaka akasema aliwaandalia togwa, msiba ukaingilia kati. Watu wakaguna. Kila mmoja barazani alijua msiba unaifanya nini togwa.

Liwali akamtafuta Mjomba kwa macho. "Mzee Mikidadi, wewe ni mtu wa Mungu. Ulikuwepo. Ile ilikuwa togwa au ilikuwa pombe?"

Mjomba alisimama taratibu. Hakumtazama Liwali. Alinitazama mimi, akingoja nitikise kichwa, chini au pembeni, kama tulivyopatana kijitoni, ingawa mimi sikuwa nimepatana na mtu.

Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo yeye hakuliona. Alikuwa anataka togwa iwe togwa kwa Liwali, kisha iwe pombe kwangu. Chungu kilikuwa kimoja.

Sikutikisa kichwa. Nilimshusha Salimu nikampa Letisia. Nikapiga goti mbele ya Liwali, nikaomba ruhusa, nikafungua kamba ya Gaudens. Povu likatoka kwa mlio ambao hata walevi wa dirishani waliusikia, wakavuta pumzi. Nikachota kata moja. Nikaonja mimi kwanza, mbele ya watu, kama desturi ilivyo. Nikajaza tena, nikamfikishia Mjomba kwa mikono miwili.

"Mjomba wangu," nikasema, "jana ulikunywa ukasema ni togwa. Kisha ukasema mume wangu haendi Nandagala. Kama ni togwa, wote hapa wajue maneno yale yalisemwa na mtu mwenye akili zake. Kama ni pombe, waambie ni pombe. Lakini onja kwanza. Usimwambie Liwali neno ambalo ulimi haujaligusa."

Mama wa mihogo akasema polepole, "Mpeni nafasi mzee aonje." Nyuma ya baraza mtu akacheka, akanyamazishwa. Zaina alikuwa mlangoni, ameshika nguzo.

Isihaka hakunyanyua macho. Alikuwa ameweka mkono wake gotini, pale pale Mjomba alipouweka wake jana.

Mjomba Mikidadi aliitazama kata. Povu lilikuwa linapasuka kidogo kidogo. Kuikataa kata ya mpwa wako aliyeionja mbele yako ni kusema amekutilia sumu, na kila mzee mle ndani aliijua maana ya neno hilo. Na kuionja kisha kuiita pombe ni kukiri kwamba jana ilipita midomoni mwake.

Akaingiza tasbihi mfukoni. Akapokea kata kwa mikono miwili, akainyanyua mpaka ikagusa ndevu zake.